Mara Moja au Malembe

Aliyekulia Butembo anaijua harufu ya kuku aliyenyonyolewa anapopitishwa juu ya moto ili vinyweleo vya mwisho viungue. Jumapili iliyopita nilikuwa nafanya kazi hiyo nyuma ya nyumba. Ile harufu iliponipanda puani, mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye shavu la kushoto. Mume wangu akauliza kama cheche imeniruka. Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani tu. Akacheka, eti mimi nina zamani gani! Basi nimeona afadhali niyaandike, maana wenzangu wengi wa umri wangu sasa wana watoto, na wengine watoto wao wamezaliwa na alama. Najua jinsi maneno ya watu yanavyomzungusha mama wa mtoto wa namna hiyo.

Mimi nilizaliwa na alama usoni. Haikuwa nyeusi wala nyekundu. Ilikuwa ya bluu ya kijivujivu, imezunguka jicho la kushoto na kushuka mpaka katikati ya shavu, kama kalamu ya biki iliyovuja kwenye mfuko wa shati. Shuleni waliniita Kavira Biki. Msinionee huruma haraka. Kwetu sisi Wanande majina ni ya zamu, mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi aliyozaliwa nayo, kwa hiyo kila nyumba ina Masika wake, ina Kambale wake, ina Kavira wake. Katika kilasi chetu pale mtaa wa Kimemi tulikuwa Kavira watano. Mwalimu akiita "Kavira!" wanasimama watano, na aliyepiga kelele ni mmoja tu. Ndipo wakawepo Kavira Murefu, Kavira wa Vuhovi, Kavira Meno, Kavira Mudogo, na mimi. Jina la Biki halikuniumiza hata kidogo. Nililibeba kama cheo.

Aliyeumia alikuwa Mama. Mtu asiyetujua akiniona hakufikiria alama ya kuzaliwa, alifikiria ngumi. Rangi ile ilifanana kabisa na jicho lililopigwa juzi. Na Baba alikufa kabla sijajua kutembea, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kusingiziwa. Sokoni, kwenye foleni ya zahanati, hata mlangoni mwa kanisa, watu walimtazama Mama, wakanitazama mimi, wakamtazama Mama tena. Yeye alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa maneno machache, na mara nyingi mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Siku moja mke wa ofisa mmoja, watu waliotumwa kutoka mbali, alileta kitambaa cha gauni, robe ya harusi. Nilipopita na ndoo ya maji akaniona.

"Mama, huyu mutoto alikukosea nini?"

"Alizaliwa hivi," Mama alisema.

"Alizaliwa hivi! Wote munasemaka hivyo. Nirudishie kitambaa yangu. Mutu anayepiga mutoto hatanishonea kitu."

Mama alikikunja kitambaa kile vizuri, kona kwa kona, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akarudi kwenye cherehani akashona mpaka adhuhuri bila kuinua kichwa. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu, nikimchukia yule mwanamke kwa moyo wote, na bado sikuelewa kwamba Mama alikuwa anaichukia alama.

Maana mimi niliipenda, na nilikuwa na sababu. Nilipokuwa na miaka karibu minne tuliishi upande wa Beni. Ikatokea siku watu wakakimbia vita, barabara ikajaa. Mama alibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, na mimi akanishika mkono. Mahali fulani cherehani ikataka kuanguka. Akaniachia ili aishike kwa mikono miwili, na aliponitafuta tena sikuwepo. Mwanamke mmoja wa Kyavinyonge, muuza samaki, alinikuta nimekaa kando ya barabara nikila udongo, akanipeleka parokiani Beni. Parokia wakatangaza kwenye radio: mutoto wa kike, anasema anaitwa Kavira, iko na alama ya bluu kuzunguka jicho ya kushoto. Mama alikuwa ameshafika Butembo kwa jamaa, akilia. Jirani akasikia radio, akakimbia kumwita. Siku ya tatu akanichukua.

Hadithi hiyo nilisimuliwa mara nyingi mpaka nikaamini naikumbuka. Na mtoto ana hesabu zake. Hesabu yangu ilikuwa hii: jina la Kavira peke yake lingeita mama mia moja. Aliyenileta nyumbani ni alama. Bila alama, ningekuwa mpaka leo kule Beni, mtoto wa parokia.

Sasa nilipokuwa na miaka tisa, Mujomba Kambale, kaka mkubwa wa Mama, akarudi kutoka Kampala alikokwenda kila mwezi kununua mabeseni, sahani na vigae. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa. Hata salamu zake zilisikika nyumba ya tatu. Alitoa mfukoni karatasi inayong'aa, akaiweka juu ya meza ya Mama ya kukatia vitambaa. Ilikuwa na picha mbili za mwanamke. Kushoto uso wake ulikuwa na doa kubwa, kuume ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Dada, angalia! Huyu na huyu, ni mutu moja! Kuko salon moja kule, iko na mashini ya mwanga, laser. Mara moja tu. Dakika kumi, alama imekwisha, munarudi nyumbani."

"Mara moja?" Mama aliuliza. Alitema pini zote kwenye kiganja, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Mara moja, nakuambia!"

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kwangu mimi hawakuwa mtu mmoja. Yule wa kushoto alikuwa na macho ya kuchoka na nywele zilizosukwa. Yule wa kuume alicheka, na nywele zake zilikuwa za kununua.

"Mujomba, na huyu wa kushoto alienda wapi?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Alienda wapi! Dada, mutoto wako huyu! Amekuwa huyu wa kuume, si nimekuambia?"

Kwangu hilo halikuwa jibu. Nilijua kwamba mwanamke wa kushoto amepotea, na kwamba mimi ndiye ninayefuata.

Mama hakukata kitambaa bila kupima, na mimi pia hakunikata hivyohivyo. Alisikia kwamba kuna daktari wa ngozi aliyekuja kwa wiki mbili katika hospitali mjini, mwanamke wa Kinshasa, akanipeleka. Daktari huyo alisema Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kuruka juu ya mawe: neno la Kiswahili, neno la Kifaransa, neno la Lingala, na alipokosa kabisa alicheka. Lakini mikono yake haikuwa na haraka. Aliibonyeza ngozi, akainyoosha, akauliza kama alama inakua, kama inawasha, kama ina nywele. Akanimulika ndani ya jicho. Jicho lenyewe lilikuwa salama, akasema, ila litazamwe kila mwaka.

"Mama, hii haiko ugonjwa," alimwambia. "Na hakuna mutu aliipiga. Ni rangi ya ngozi yenyewe, mais ilibaki chini sana, haikupanda juu. Njo maana inaonekana bluu."

Mama akavuta pumzi ndefu. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu msomi kumwambia mbele ya watu kwamba hakunipiga. Kisha akatoa ile karatasi ya Mujomba.

Daktari aliisoma mbele na nyuma. Akachukua kalamu, akachora mistari miwili juu ya karatasi ya dawa. Huu ni juu ya ngozi, huu ni chini. Kuna mashini ambayo mwanga wake unachoma juu, alieleza, na nyingine ambayo mwanga wake unashikwa na kila rangi inayoukuta. Kwa Mzungu labda sawa. Kwa ngozi yetu mwanga huo unakuta rangi kabla haujafika kwenye alama, unaiunguza, na mtoto anaweza kubaki na doa jeupe mahali pa doa la bluu. Halafu kuna mashini nyingine. Mwanga wake unapita juu karibu bila kugusa, unashuka, unavunja ule wino vipande vidogovidogo, na mwili wenyewe unavibeba kidogokidogo. Nayo ipo Kampala, katika hospitali, si salon.

"Ile ni mara ngapi?" Mama akauliza.

"Malembe, Mama. Polepole. Mara sita, labda mara nane. Kila mara munangoja miezi mbili, mitatu. Na inawezekana isitoke yote. Sitakudanganya."

Daktari akageuza kiti, magoti yake yakagusana na yangu.

"Na weye, petite? Uso ni yako. Unapenda gani, mara moja ao malembe?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nilitaka kusema hata moja hapana, niacheni na alama yangu, lakini nilimwona Mama amefumba mikono juu ya mapaja, na sikuthubutu.

"Malembe," nikasema.

"Juu ya nini malembe?"

"Juu batu bapate wakati," yaani ili watu wapate muda.

Daktari akapiga makofi. "Mutoto iko na akili!" Hiyo sifa niliipokea, ingawa haikuwa yangu. Yeye alidhani nimeelewa mambo ya ngozi. Mimi nilichomaanisha ni kwamba uso ukibadilika siku moja Mama atanipoteza siku hiyohiyo, lakini ukibadilika polepole anaweza kuuzoea.

Mujomba aliposikia maneno ya daktari alikasirika kabisa. "Mara sita! Kuko njia ya mara moja na njia ya mara sita, na munachagua sita? Docteur wa Kinshasa anajua nini ya Kampala?" Na Mama, naye alikuwa amechoka. Wiki ile mteja mwingine alikuwa amemuuliza swali lilelile. Aliniambia, huku ananipima mikono kwa sweta ya shule, "Kavira, miye nilitaka tu iishe." Ikaamuliwa kwamba masomo yakifungwa tutakwenda salon ya Mujomba. Mara moja.

Niliingia chini ya meza ya kukatia nikakataa kutoka. Sikula ugali wa mchana wala wa jioni. Wote walifikiri naogopa maumivu. Mama aliniahidi soda, aliniahidi viatu, kisha akaniahidi fimbo, na mimi nimekumbatia mguu wa meza. Mwishowe Mujomba mwenyewe akapiga magoti sakafuni na suruali yake nzuri, akainamisha kile kichwa chake kikubwa.

"Hapana kulia. Sikia. Miye sinunuaka karatoni ya sahani bila kuona échantillon. Nafungua moja, napiga na kidole, nasikia sauti yake. Niko na hii ku mukono, unaiona?" Alikuwa na alama ya kuzaliwa ya kahawia kwenye mkono, chini ya kiwiko, kubwa kama punje ya haragi. "Nitaenda miye kwanza. Wataanzia huku. Ikiwa muzuri, na weye utakubali. Sawa?"

Nikamwambia sawa. Ningefanya nini?

Alikwenda, akarudi na bandeji na kicheko chake kilekile. Haiumi, alisema, inauma kidogo tu. Wiki ya kwanza akatuonyesha gamba jeusi, wiki ya pili gamba likaanguka, ngozi ikawa ya waridi, akaizungusha mtaa mzima kuionyesha. Kisha akaacha kuja. Tukakaa muda bila kumwona, na Mujomba hakuwa mtu wa kukosekana. Alipokuja, ilikuwa siku ya jua kali naye amevaa shati la mikono mirefu. Akakaa, akafungua kifungo cha mkono. Mahali pa ile punje ya haragi palikuwa na doa jeupe, linalong'aa, mara tatu ya alama ya kwanza. Daktari alikuwa amelisema neno kwa neno.

"Dada," akasema, na sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo, "mali ni mubaya."

Mama akalishika lile doa kwa kidole gumba. Hakumgombeza.

"Ingekuwa ku uso ya mutoto," Mujomba akasema, akatoa kitambaa, akajipangusa macho mbele yetu. Mtu mzima, mfanyabiashara wa Kimemi! Mimi nilimpenda siku ile kuliko siku zote alizoniletea zawadi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta hospitali ya mashini ya malembe, na hakuwahi tena kutaja mara sita kama jambo la kuchekesha. Lile doa bado analo. Akiulizwa husema ni sampuli.

Basi tukaanza zile safari za Kampala. Walinivika miwani ya chuma iliyofunika kila kitu, nikawa kipofu, nikasikia tu mlio mdogo, ta, ta, ta, na kila mlio ulikuwa kama mpira wa kufungia noti unavutwa na kuachiliwa juu ya shavu. Ndipo ile harufu ikaja, ya vinyweleo vinavyoungua. Nililia, nisijisifu bure. Mama alinishika miguu yote miwili na kusali Rozari kwa Kinande, haraka haraka, mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti. Baadaye uso ulivimba, kisha ukatulia, na kwa wiki kadhaa haikuonekana tofauti yoyote. Jua lilikatazwa kabisa. Mama akanishonea kofia pana ya kitenge ambayo watoto wa mtaa waliita mwamvuli.

Lakini kweli, baada ya safari ya tatu biki ikaanza kufifia. Leo ukinisogelea utaona kivuli tu chini ya jicho, na wengi hawakioni. Wateja walimsifu Mama. Kanisani hakuna aliyemtazama mara mbili. Alianza hata kuimba akishona, pini mdomoni, kwa pua. Mimi nilimfurahia Mama na nikaogopa kwa ajili yangu. Kavira Meno aliniambia, "Biki iko inakwisha, mwalimu atakuita nani sasa?" Nikaenda chooni nikalia.

Safari ya tano ndiyo iliyokata mambo. Wakati wa kurudi tulishuka Beni kubadilisha gari. Mama alikuwa amenivalisha uniforme ya shule, shati jeupe na sketi ya bluu, kwa kuwa kwenye barrière askari hawamsumbui sana mwanafunzi. Parking ilijaa magunia, pikipiki na watu wakiita "Butembo, Butembo, nafasi mbili!" Mama akaniambia nikae juu ya mizigo yetu, nisisogee, yeye anaenda kuongea na dereva. Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na pikipiki, nikajitazama kwenye kioo chake. Uvimbe ulikuwa umeshashuka, na msichana aliyenitazama alikuwa na uso safi kama wa mtu yeyote.

Wakati uleule shule ya jirani ikatoka. Wasichana kama ishirini wakaja kumzunguka mama mmoja wa mandazi, wote mashati meupe, wote sketi za bluu, wote nywele fupi. Nikajiambia, leo nitajua. Nikavua kofia nikaisukuma ndani ya mfuko, nikaenda kusimama katikati yao, nikaipa mgongo mizigo yetu na upande aliokwenda Mama.

Sijui ilikuwa muda gani. Kisha nikaisikia sauti yake: "Kavira!"

Wasichana watatu wakageuka. Mimi sikugeuka.

"Kavira!"

Sauti ya pili haikuwa ya Mama niliyemjua. Ilikuwa imepasuka. Hapo nilielewa ni mji gani huu nilioamua kujifichia, na ni nani aliyewahi kuzunguka akiniita hivyo, na nikatamani ardhi inimeze. Kabla sijageuka, mkono ukanishika shingoni kutoka nyuma, mkono wenye kidole kigumu cha sindano. Haukujaribu kwanza mwingine. Ulikuja moja kwa moja kwangu.

"Nyamuhanga, Mungu wangu! Nilikuambia ukae wapi? Unataka kuniua? Na kofia iko wapi? Docteur alisema jua hapana!"

Alinitikisa, akanikumbatia, akanitikisa tena. Mama wa mandazi akasema aniachilie, mutoto ni mutoto.

"Mama," nikasema, na machozi yalikuwa yamenijaa mdomoni, "ulinijua namna gani? Uso hukuuona. Alama imekwisha."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya mbali. Kisha nikaona linamwingia polepole, meza, ugali niliokataa, yote, na akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi la parking, na kikwembe chake kizuri cha safari.

"Ee, mutoto wangu," akasema. "Njo ulikuwa unaogopa hii?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Uso ya nini? Bega yako ya kushoto iko chini kuliko ya kuume. Tangu uko mudogo ninakata kila robe yako kufwata ile bega. Hata bakupange na batoto elfu moja, bote mugongo, nitakuchukua weye."

Alisema hivyo bila kulipamba, kama anavyomtajia mteja kipimo cha kiuno. Akanivika kofia, akaifunga kamba chini ya kidevu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tukaenda kwenye gari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeshajitazama katika kila kioo cha Butembo, na nilikuwa sijajua kwamba bega langu limeinama.